Karibu Kundi Namba Saba

Hongera, mdogo wangu, kwa kufika chuo. Chumba umepata, foleni ya kafeteria umeizoea, na umeshajua kwamba bumu huingia siku linayotaka lenyewe. Sasa mhadhiri wa stadi za mawasiliano ametangaza asainmenti ya kwanza. Mtaifanya kumi kumi, na jina lako limebandikwa ubaoni chini ya Kundi Namba Saba. Kabla hujaenda kuwatafuta wenzako, kaa nikuelekeze.

Kwanza kabisa, grupu la WhatsApp usilifungue wewe. Anayelifungua huwa admini, admini hugeuka kiongozi, na kiongozi ndiye atakayekesha siku ya mwisho. Subiri uunganishwe. Ukishaingia, andika "Pamoja sana wakuu", kisha nyamaza wiki mbili. Zima zile tiki za bluu, isijulikane unasoma au umelala. Likiulizwa swali la kukubana, mathalani nani ataandika utangulizi, weka kidole gumba. Hakijakubali wala kukataa, na hakuna baraza la chuo lililowahi kumtia mtu hatiani kwa kidole gumba.

Mkutano utapangwa saa kumi jioni, kwenye vimbweta. Saa kumi atakuwepo mmoja. Huyo mwonee huruma kwa mbali. Wewe andika "niko njiani" ukiwa bado unatafuta kandambili za kwendea bafuni. Mkishatimia watano, ajenda zitajipanga zenyewe: nani anadaiwa hela ya kuprinti, siku ya kuprezenti tuvae suti nyeusi au mashati meupe, na je, tai ni lazima? Suala la tai lina uzito wake, litakula dakika arobaini. Swali lenyewe la mhadhiri, ambalo lina mistari mitatu, halitasomwa na mtu. Kisha atachaguliwa katibu. Atakuwa binti, kwa sababu, wataeleza, "mwandiko wake mzuri", na kazi yenyewe inachapwa kwa kompyuta.

Halafu mtagawana. Hapa ndipo ustadi ulipo, kwa hiyo nitatulia kidogo. Swali linakatwa vipande kumi, kila mtu anaondoka na chake, na ni mwiko kuuliza mwenzako anaandika nini. Mtu wa tatu atathibitisha kwamba mitandao ya kijamii imeua mawasiliano. Mtu wa nane atathibitisha kwamba imeyafufua. Hitimisho litawashukuru wote wawili. Vipande vitamfikia katibu saa sita usiku, kila kimoja na ukubwa wake wa herufi, na kimojawapo kitaanza na maneno "Hakika! Hii hapa insha uliyoomba." Mwenye kipande hicho atakuwa amezima simu. Katibu ataunganisha hadi alfajiri, atakimbilia steshenari flashi mkononi, na kwenye ukurasa wa mbele ataandika majina kumi na namba kumi za usajili. Jina lako likikosewa herufi moja, lalamika grupuni kwa ukali. Huo ndio utakuwa ujumbe wako mrefu kuliko yote muhula mzima.

Dhamiri ikikusumbua, jikinge na sayansi. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba, na mwaka 1913 akachapisha alichokiona: wakivuta wanane kwa pamoja, nguvu yao ilikuwa takribani nusu tu ya ile ambayo ingepatikana kwa kujumlisha nguvu za kila mmoja akivuta peke yake. Mwaka 1979 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliiacha kamba, wakawaambia wanafunzi wa chuo wapige makofi na kelele. Kadiri kundi lilivyokua, ndivyo kila mmoja alivyopunguza. Kelele, mdogo wangu! Fani ambayo mwanachuo huja nayo kutoka nyumbani. Ila mwaka 1981 watatu hao hao walitia mchanga kwenye pilau letu: mtu akijua kwamba sauti yake inapimwa peke yake, uvivu huo hupotea. Kwa hiyo mkiwa na mjumbe anayependekeza kila sehemu iandikwe jina la aliyeifanya, mpinge haraka kwa hoja ya umoja.

Utakutana pia na wazee watakaokusimulia Mlimani ya zamani. Watakwambia jinsi mwaka 1969 wanafunzi wa chuo hicho cha Dar es Salaam, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji wakiwa miongoni mwao, walivyoanzisha jarida la Cheche, wakaliandika na kulichapa wenyewe, bila kupewa hata alama moja ya kazi za darasani. Wasikilize kwa heshima, kisha uwaulize liliishia wapi. Mwaka 1970 lilipigwa marufuku. Unaona hatari ya wanachuo wanaosomeana kazi na kubishana hadi waelewane? Kundi Namba Saba halijawahi kumnyima waziri yeyote usingizi.

Siku ya kuprezenti, mwenye sauti nzuri atasema, nanyi tisa mtapanga mstari nyuma yake kama wasimamizi wa harusi. Simama pembeni, mbali na projekta, tikisa kichwa kila anapotaja takwimu. Kuna wahadhiri wakorofi ambao humruka msemaji na kunyoosha kidole: "Wewe mwenye tai nyekundu, nieleze slaidi ya nne." Hapo jibu ni moja: "Asante kwa swali zuri, naomba mwenzangu aongezee." Kuongezea juu ya kitu gani, waachie waliokuwepo.

Lakini anayepaswa kuogopwa kuliko mhadhiri ni mjumbe wa aina moja tu. Huyu haandiki grupuni. Anapiga simu. Atakuuliza, bila salamu ndefu, "Umekwama wapi?" na ukisema hujaanza kwa sababu swali hukulielewa, hakucheki, atakwambia hata yeye hakulielewa, twende tukamuulize mhadhiri kesho saa nne. Mtakwenda. Mtaelewa. Utajikuta umeandika kurasa mbili na umesoma za wenzako. Mtu wa namna hii huharibu kila nililokufundisha hapa, kwa hiyo chukua namba yake ya simu leo leo, na muhula ujao uwahi kumwomba muwe kundi moja, maana wengine wanane nao wanamwinda.