Udi Uliotutoa Usingizini

Masika yalipokolea, udi wangu wa kujifunzia muziki ulikuwa umetundikwa sebuleni, kwenye ukuta unaopakana na jiko. Huku unyevu wa mvua, kule joto la seredani kutwa nzima. Usiku mmoja, nyumba yote imelala, ukasikika mlio: pwaa!

Mume wangu aliruka na mchi mkononi. Watoto wakapiga mayowe ya mwizi, jirani akagonga ukuta kuuliza kama tu wazima, na mama mkwe akatoka chumbani huku anasoma Ayatul Kursi. Taa ilipowashwa, mwizi hakuwepo. Kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi usoni mwa udi kilikuwa kimebanduka, na nyuzi zote 11 zimelegea ovyo. Gundi ilikuwa imelainika, na nyuzi hazichoki kuvuta.

Nililia. Udi ule niliununua kwa pesa za vitumbua.

Asubuhi fundi aliupokea, akasema gundi ya zamani lazima aikwangue yote, na mpya ikauke vizuri, kwa hiyo nisimharakishe. Nyumba ikapoa. Alasiri mama mkwe akaniita uani, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mwanangu, udi haupo. Na sauti yako nayo imepelekwa kwa fundi?"

Akaanza kuimba pole pole, mkono unakuna bila kukosa mwendo. Miaka yote niliyokaa naye sikujua kwamba enzi za usichana wake aliimba katika kikundi cha taarabu cha wanawake. Mama yake alikuwa na santuri za Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na mama mkwe alizishika nyimbo zake zote kwa kusikiliza tu.

Udi uliporudi, mafunzo yangu yakawa mengine kabisa. Shingo ya udi haina vile vyuma vinavyogawa sauti kwenye gitaa. Kidole kikiteleza upana wa punje ya mchele, wimbo umeharibika. Mahadhi ya Bayati yana sauti moja ya kati na kati ambayo kinanda cha piano hakina kibonyezo chake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho. Sasa nikiitafuta, mama hupaza sauti kutoka uani: "Shusha! Kidogo tu. Hapo hapo, usitoke!" Na kweli huwa ni hapo.

Watu huniuliza nafaidi nini, maana sina nia ya kupanda jukwaani. Namfaidi mama. Zamani tuliamkiana kwa adabu, kisha kila mtu akashika lake. Siku hizi tuna kazi moja, tunabishana juu yake na kuicheka, na nimemjua mtu niliyekuwa nikimpakulia chakula kila siku.

Binti yangu naye anautaka udi. Bibi yake kampa sharti: kwanza aimbe Bayati bila kupotea, ndipo aguse nyuzi. Anaimba mpaka bafuni.