Sifa za Alama Mbili za Kuuliza

Nakuru haikosi vya kusifiwa. Wengine watawaimbia heroe, wengine kreta ya Menengai. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa viumbe wasio na mshairi: zile alama mbili za kuuliza, ??, ambazo programu ya simu huzibandika kando ya hatua mbovu mchezo wa sataranji unapochambuliwa.

Hazina upendeleo. Vladimir Kramnik alizipata mjini Bonn mwaka 2006, akiwa bingwa wa dunia, alipocheza na kompyuta ya Deep Fritz: alisogeza malkia, na kwa hatua moja tu mfalme wake akanaswa. Kijana wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru aliyeanza kucheza juzi hupewa zizo hizo, bila kupunguziwa hata moja.

Tena ni wasafiri wema. Mchezaji aliyetoka kushindwa Nairobi ana kama kilomita 160 za kurudi Nakuru. Malkia wake aliliwa mchana, kombe limebebwa na mwingine. Nani atapanda naye matatu? Ni ??. Naivasha ziko naye, Gilgil ziko naye. Akisema muda ulimbana, zinamwonyesha saa: dakika alikuwa nazo tele. Akisema jirani alikuwa akikohoa, zinanyamaza, na farasi anabaki pale pale alipowekwa ili aliwe. (Nchi hii ina waheshimiwa wanaohitaji mshauri wa namna hiyo kuliko sisi wacheza sataranji, ila tuyaache.)

Zina ndugu yao, mpole kupita kiasi: nafasi iliyopotea. Kosa, angalau mpinzani hulichekelea. Nafasi iliyopotea haimsumbui mtu; hupita bila hodi, na mwenyewe huenda nyumbani akiamini alicheza vizuri, mpaka afungue simu.

Ndugu hawa wawili walikutana Sochi, Novemba 2014, katika mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia. Magnus Carlsen alipeleka mfalme mahali pabaya. Farasi wa mpinzani wake, Viswanathan Anand, angeweza kumla askari wa e5 na kuugeuza mchezo. Anand akasogeza askari wa ukingoni. Carlsen, aliyetangulia kukosea, alishinda mchezo huo na mwishowe akabaki na taji. Alama zao zipo hadi leo kwenye hatua ya 26. Mwenye simu na aende akazisalimie.