Shujaa na Sotet

Sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik, ilikuwa imewekwa chini ya meza ya runinga kwa sababu jikoni kulijaa kuni, na kogo, mama wa mume wangu, alikuwa ameshatuonya kwamba hapo si mahali pake. Jioni hiyo nyumba nzima ilikuwa ikitazama Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018. Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anaaminishwa na dada yake kwamba ana nguvu za ajabu, hadi kijiji kizima kinajitokeza kutengeneza filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Kijana wetu, leso yangu ikiwa shingoni mwake, akapanda kochi na kuruka.

Alitua kwenye sotet. Ikapasuka, na mursik ile nzuri, ya kijivu kwa mkaa wa mti wa senetwet, ikafuata nyaya hadi kwenye ekstensheni. Cheche, kisha giza.

“Filamu zenu hizi zitawavunja watoto shingo,” mume wangu akasema, akimpapasa mtoto miguu kwa mwanga wa simu. Mtoto alikuwa mzima, analilia filamu.

Nilimpinga na bado nampinga. Zile za mashujaa wa Marekani humwonyesha mwanangu ngumi na majumba yanayoporomoka, naye hana la kufanya ila kukodoa macho. Katika Supa Modo, watu wazima wenye shughuli zao wanaziacha ili mtoto mmoja afurahi. Na ugonjwa hauondolewi kwa miujiza. Kwa ukweli huo pekee naiheshimu.

Kogo, akipangusa sakafu kwa gunia, akaanza kuimba Chemirocha. Hugh Tracey aliurekodi wimbo huo mwaka 1950 huko Kapkatet, ukiimbwa na wasichana wa Kipsigis. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, zilikuwa zimefika huku; wasichana wakalichukua jina lake, likawa Chemirocha, wakamfanya nusu mtu, nusu swala, wakamwita acheze nao. Kwangu mimi hakuna wimbo wa huku unaoushinda. Walimpokea mgeni kwa masharti yao, kama Jo na majirani zake walivyofanya na mashujaa wa sinema.

“Hata wasichana hao waliruka,” kogo akamwambia mwanawe.

Kesho yake ekstensheni mpya ikanunuliwa dukani. Tuliitazama filamu hadi mwisho, na mume wangu ndiye aliyeuliza kama huyo Wainaina ana nyingine.