Mwalimu Nimpendaye Hana Hata Kikohozi

Ukitaka kumwona mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, nenda kwenye darasa lolote la mazoezi ya kuzungumza Kiingereza, liwe la jioni pale Kariakoo au la Jumamosi mjini Nakuru, ukae nyuma na usubiri mada ya mwalimu unayempenda. Atakuja tu. Ni mpole, ni mchapakazi, anawahi kazini, anawapenda wanafunzi wote sawasawa, na akifundisha anaeleweka. Hana jina la utani. Hana kitambi, hana hata kikohozi, na hajawahi kusinzia kitini wala kumtuma mtoto chapati kipindi kikiendelea. Msemaji wa kwanza akimaliza, anainuka wa pili na kumleta mwalimu wake kutoka mkoa mwingine kabisa, naye ni mpole, mchapakazi na anawahi kazini. Ikifika zamu ya msemaji wa tano, mtu unaanza kujiuliza kama nchi nzima ilisomeshwa na mwalimu mmoja, na kama ni hivyo, huko kuwahi kazini alikuwa anakuwezaje.

Waliochagua mada hii hawakukosea. Si kila mtu amepanda ndege, na si kila mtu ana hobi (wengi huigundua hobi yao siku ya mtihani), lakini kila aliyefika kwenye darasa la Kiingereza alipitia mikononi mwa mwalimu fulani. Wanasaikolojia wa kumbukumbu nao wameona kwamba watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya tangu umri wa miaka 10 hivi hadi 30, na sehemu kubwa ya hiyo ni miaka ya kaptula, sketi za sare na matokeo ya mitihani. Kwa hiyo cha kusema kipo. Ndiyo maana katika mtihani wa IELTS, ambao upo tangu 1989 na ambao wauguzi na waombaji wa nafasi za masomo ng'ambo wanaujua vizuri, mwalimu unayemkumbuka ni mada ya kawaida kabisa kwenye sehemu ya pili ya mahojiano. Mtahiniwa anakabidhiwa kadi, karatasi na penseli, anapewa dakika 1 ya kujiandaa, kisha anatakiwa aseme peke yake kwa dakika 1 hadi 2. Itazame ile karatasi dakika ikiisha. Juu kabisa kuna jina la mwalimu, limepigiwa mstari mara mbili kwa kuwa ndilo pekee lenye uhakika. Chini yake kuna sifa nne, zote za kuandikwa kwenye cheti cha mfanyakazi bora. Halafu pako peupe, na pale kwenye kona, mchoro wa ua. Sifa nne, hata zikitamkwa kwa madaha, hazizidi sekunde 15. Muda uliobaki wote ni wa ua.

Watu husema hapo tatizo ni msamiati, na wauzaji wa vitabu vya msamiati hawabishi. Mimi nadhani tatizo ni kwamba mtu ameulizwa habari za mapenzi. Ukimuuliza mtu kwa nini anampenda fulani, hata kwa Kiswahili chake cha nyumbani, atakujibu kwa sifa, na sifa huisha upesi. Muulize siku mambo yalipoharibika, atakujibu kwa matendo, na tendo moja huvuta jingine. Mwambie Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya msingi ya serikali akueleze asubuhi ya kuchelewa. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kiranja anaigonga kwa nondo kwa raha ya mtu ambaye yeye hajachelewa. Wenzako wako kwenye mchakamchaka, unawasikia wakiimba kabla hujawaona. Mwalimu wa zamu amesimama getini, mikono nyuma, na kila mtu anajua mikono hiyo imeshika nini. Una njia mbili: kupita getini kwa heshima, au kuzunguka kwa nyuma kupitia shamba la mihogo. Aliyechagua mihogo hana hotuba ya sekunde 15. Huyo ana dakika nne, na ukimkatisha atakasirika. Hoja yangu basi ni hii: anayeendesha mazoezi ya mazungumzo aache kuuliza mwalimu unayempenda, aulize mwalimu uliyemkimbia.

Ushahidi wa jambo hili unatoka mbali kidogo. Mwanaisimu wa Kimarekani William Labov alikumbana na tatizo la namna hiyohiyo akiwa na kinasa sauti jijini New York miaka ya 1960. Aliowahoji walizungumza lugha yao ya kuzaliwa, lakini walipoiona maikrofoni walikaa wima na kuchagua maneno kama watu wanaoapishwa. Dawa yake ilikuwa swali moja: umewahi kufikwa na jambo ukajiona kwamba leo ndiyo nakufa? Aliyesema ndiyo aliombwa asimulie, na alipofika penye hatari maikrofoni ilisahaulika, hofu ya siku ile ikarudi, maneno yakatoka bila kukaguliwa. Utafiti ule ulichapishwa 1966 na bado unasomwa na kila anayejifunza namna ya kuwahoji watu. Sisi hatuhitaji hata kukikaribia kifo. Inatosha kukumbushwa mlio wa viatu vya mwalimu wa hesabu kwenye korido, siku ambayo daftari lako halina kazi.

Mtu makini atasema watu wa Labov walikuwa kwao, ilhali msemaji wetu yuko ugenini, na mtu asiyekagua maneno yake akiwa ugenini huvunja vyombo. Ni kweli, tena vyombo vitavunjika vingi. Kiswahili hakituulizi jinsia ya mtu kila tunapomtaja, Kiingereza kinauliza, na msimulizi akichangamka ndipo anaposahau kujibu. Mwalimu wa jiografia ataanza sentensi akiwa mwanamume, ataimaliza akiwa mwanamke, sentensi ya tatu atakuwa na ndevu na sentensi ya nne ataenda likizo ya uzazi. Nyakati nazo zitachanganyika: mwalimu aliyestaafu zamani bado anakimbiza watoto, na watoto ambao leo ni wahasibu wanajificha kwenye mihogo mpaka sasa hivi. Lakini haya ndiyo makosa yanayofaa kusahihishwa. Mwenye sifa nne alizozikariri hakosei kitu, na kwa hiyo mwalimu wa mazoezi hana pa kushika. Anapiga makofi, anasema vizuri sana, anaita mwingine. Tena kusifu kuna hila yake: sifa hutolewa kwa wakati uliopo, yeye ni mpole, yeye ni mchapakazi, kwa hiyo wakati uliopita, ambao ndio unaotusumbua, haupati zoezi hata kidogo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye adabu. Mwalimu ni mzazi, huamkiwa shikamoo hata na mbunge ambaye yeye ndiye aliyemfundisha, na huku kwetu cheo hicho kilitosha kuwa jina zima la rais. Wako watu ambao adabu hiyo imewakolea kiasi kwamba wakibanwa kwenye zoezi humtaja Mwalimu Nyerere mwenyewe kuwa ndiye mwalimu wao wapendwa, na hilo huleta hesabu ngumu, maana Nyerere aliacha kufundisha katika shule ya Pugu mwaka 1955 na msemaji ana miaka 24. Naiheshimu adabu hiyo, ila naona imetumwa pasipo pake. Waulize waliosoma pamoja wanapokutana msibani au harusini. Hakuna anayesema mwalimu wa kemia alikuwa akiwahi kazini. Wanamwita kwa lile jina ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuitwa mbele yake, mmoja anaiga mwendo wake, mwingine anaiga alivyokuwa akisema "toka nje" huku ameshavua miwani, na wote wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Ukiwauliza wanampenda nani kati ya walimu wao wote, watakutajia huyohuyo. Mapenzi yapo, isipokuwa hayasemwi kwa njia ya kupambwa, na Kiingereza cha mazoezi kinatulazimisha tupambe.

Kuna wenye haraka ambao hawataki falsafa, wanataka alama. Kadi imesema mwalimu unayempenda au unayemkumbuka, wanasema, sasa nikisimulia aliyenikimbiza si nitafeli? Hutafeli. Katika mahojiano ya IELTS vinapimwa vitu vinne: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwamba mwalimu wako alikuwa mtakatifu hakumo kwenye orodha, wala hakuna atakayepiga simu shuleni kuhakikisha. Wanaoupenda ule upole wa kukariri ndio wenye sababu ya kuogopa, kwa kuwa mwongozo wa utoaji alama huzitaja sentensi zinazoonekana kukaririwa, na mahali unapozitaja ni kwenye ngazi za chini. Mwenye kukariri hujulikana pia bila mwongozo. Anatiririka, anamwaga ung'eng'e, hadi mtahini anapomuuliza kitu kidogo tu, mwalimu huyo yuko wapi siku hizi, na hapo umeme unakatika. Aliyesimulia ya mihogo hana wasiwasi na swali hilo. Mwalimu yuko Morogoro, anafuga kuku, na bado anamkumbuka kwa jina.

Linalonipa shida kweli ni fimbo. Hadithi zetu nyingi za shule, ukizikung'uta, inadondoka fimbo, na msimulizi wa Afrika Mashariki huisimulia akicheka huku msikilizaji wa kutoka Ulaya ameacha kuandika na anamtazama kwa huruma. Kenya iliipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inairuhusu kwa kanuni za 2002, kwa masharti ambayo wengi wetu tukiyasoma tunacheka upya: visizidi viboko vinne, atoe mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Aliyechapwa saba na mwalimu wa michezo, bila kitabu wala kalamu, ana jambo la kueleza. Wanaosema kucheka huku ni kuhalalisha maumivu wana hoja nusu. Si kila kumbukumbu imeiva ya kuchekwa, na mwalimu wa mazoezi asimlazimishe mtu kuifungua ambayo haijaiva; ndiyo maana swali liwe la siku mambo yalipoharibika, mtu achague mwenyewe yaliharibika vipi. Lakini kumpaka mwalimu yuleyule rangi ya upole na kumwita mchapakazi (fimbo nayo ni kazi) ni uhalalishaji mkubwa kuliko kicheko chochote.

Tena kuna fimbo iliyokuwa ya Kiingereza chenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na ukoloni, ameeleza jinsi watoto waliokamatwa wakisema Kigĩkũyũ karibu na shule walivyochapwa, kutozwa faini au kuvikwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kuwadhalilisha. Kibao hicho kilirithiwa na shule nyingi zilizojengwa baada ya uhuru, kikageuka mbao au karatasi ngumu, na utaratibu wake wanafunzi wanaujua: aliyekivaa hukivua kwa kumnasa mwenzake akisema lugha ya nyumbani. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kwa namna yake, kwa kuwa sheria ilikataza Kiswahili na lugha za makabila lakini haikukataza kunyamaza. Watoto walinyamaza. Mapumziko mazima yakapita kwa ishara za mikono, na mwenye kibao akizunguka uwanjani akimkanyaga huyu kidole na kumfinya yule, akitega sikio asikie atalia kwa lugha gani. Shule ikaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wake hawasemi tena lugha za nyumbani, na hakuna aliyedanganya. Mtu aliyelelewa hivyo halafu ukamweka mbele ya kadi na kumwambia amsifu mwalimu wake wa Kiingereza, usishangae akichora ua. Mwambie asimulie siku aliyovaa kibao, na jinsi alivyokiondoa.

Limebaki la wanaoanza, ambao huambiwa kwamba hadithi ni ya waliobobea, wao waanze na sifa. Nadhani ni kinyume. Sifa nzuri ni maneno marefu yenye matamshi ya hatari, ilhali balaa hutumia maneno ya kidato cha kwanza: tulikimbia, alianguka, alisimama, alituona. Mwenye maneno hayo manne tu, na mkono wa kuonyesha urefu wa mihogo, tayari ana wasikilizaji, na darasa zima limeshasahau kwamba linafanya zoezi, kwa kuwa mwalimu ameanguka na hakuna anayejua aliposimama alikuwa ameshika nini.