Keekee ya Mjomba

Shimo la mkorosho lina kipimo chake: futi mbili upana, futi mbili kina. Kutoka mche hadi mche ni mita 12, kwa hiyo ekari moja inakula mashimo 28. Kwenye daftari la bwana shamba hiyo ni hesabu nyepesi. Ije Novemba hapa Lionja, mvua bado haijaanguka, ardhi imekauka hadi jembe linaruka na kukugonga muundi, ndipo utajua kwamba kila shimo ni kesi yenye mlalamikaji, mlalamikiwa na mashahidi.

Mjomba ndiye aliyeamua kuzifuta kesi zote kwa pamoja. Na kwetu Umwerani, mjomba akishaamua, mpwa haulizi kwa nini. Anauliza lini.

Pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, alikuwa nayo. Zilipoletwa kwa wingi enzi za Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, yeye alitulia kwanza awaache wenzake wakope, kisha akanunua ya mtu aliyeshindwa kuilisha dizeli. Tangu hapo imebeba mchanga, matofali, magunia ya korosho kwenda ghalani, na bibi harusi na mashangazi zake wote. Kulima imelima pia, siku isipokuwa na safari. Usukani wake ni mikono miwili yenye vibano, na una tabia ambayo hakuna anayekueleza mapema. Kwenye tambarare ukibana cha kushoto inakata kushoto. Kwenye mteremko ukibana hichohicho cha kushoto inakata kulia, kwa kuwa gurudumu ulilolinyima nguvu ndilo linalopata uhuru wa kukimbilia bondeni na kumwacha mwenzake nyuma. Ukuta wa jiko la jirani yetu unalijua somo hili kuliko chuo chochote cha ufundi.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Injini ya pawatila inazungusha majembe ya nyuma. Vua majembe, chukua mzunguko ule, uelekeze chini, ufunge keekee kubwa ya chuma, basi ardhi itobolewe badala ya kupigwa. Kinachogeuza mzunguko wa kulala kuwa wa kusimama kipo tayari kwenye kila gari bovu nchini: difu. Fundi wetu alikuwa na difu ya pikapu iliyokuwa ikitumika kuegemeza mlango wa banda la kuku. Mapezi ya keekee aliyakata kwenye bati nene la tangi la maji, na meno yake akayatoa kwenye springi za lori, chuma kilekile kinachotengenezewa mapanga. Umeme ukiwepo, alichomelea. Umeme ukikatika, alieleza namna ambavyo angechomelea.

Watu walicheka, hasa mtani wetu mmoja ambaye kucheka ni haki yake ya kimila. Lakini Mjomba alikuwa na hoja ya historia, na kwa wilaya yetu hoja hiyo ni nzito. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianza mradi wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Matrekta hayakutosha. Wakakusanya yaliyochoka, mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Kisha kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikavivua mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta na kuyaita Shervick. Misitu ilipokaidi, ukaletwa mnyororo wa nanga ya meli, ukafungwa kati ya matrekta mawili, yakatembea sambamba yakikokota miti. Nanga, mbali na bahari namna ile! Reli nayo ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea. Januari 1951 mradi ukavunjwa, takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni, na miaka ya 1960 reli ikafungwa.

"Sasa," alisema Mjomba, "kama Mzungu alilima kwa kifaru, mimi nishindwe kuchimba kwa pikapu?"

Nilitamani kumkumbusha kwamba Mzungu hakuweza. Lakini kwa mjomba hilo husemi. Unatikisa kichwa tu, na unachunga kitikisike upande gani.

Siku ya majaribio walikuja hata wasio na mikorosho. Difu ilikuwa imesimamishwa wima nyuma ya pawatila: tundu la chini limebeba keekee, la juu halina kazi, shafti yake fupi imechomoza hewani. Mjomba, kwa kuwa jua lilikuwa kali na alitaka kujifuta jasho, alivua kofia yake akaitundika hapo. Fundi akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Akaingiza gia.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu wengi pale walidhani ni uchawi. Difu iliwekwa kwenye gari ili tairi mbili ziweze kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Kwa hiyo ina upendeleo: upande ukiwa mzito, upande mwepesi ndio unaopata mzunguko wote. Ndiyo maana gari likinasa kwenye matope utaona tairi moja inasaga na nyingine imetulia kana kwamba haikualikwa. Keekee ilipogusa ardhi ya Novemba ilikataa kabisa kusogea. Kofia ya Mjomba ilikubali. Ilizunguka hadi ikawa haina rangi wala umbo, kisha ikaaga, ikapita juu ya vichwa vya wazee na kutua kwenye mwembe, ambako watoto waliitungua kwa mawe, kazi ambayo haikuirudishia sura.

Fundi hakutahayari. Akafungua difu na kuchomelea vijigia vya ndani vishikane, upendeleo ukaisha. Safari hii sehemu za mashimo zilimwagiwa maji usiku ili ardhi ilegee, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba keekee ilikuwa kali mno. Haikuchimba, ilijisokota. Badala ya kupandisha udongo ilizama mzimamzima kwa kasi ya ajabu, ikaivuta pawatila kwa nyuma, pua ikainuka kuelekea mawinguni, mikono ya usukani ikashuka hadi magotini mwa Fundi naye akashuka nayo. Injini ikazimika. Kimya. Maji ya rejeta yakamwagika taratibu.

Kuitoa ndiyo ikawa kazi. Upande wa mashine unaozungusha keekee hauna rivasi, na keekee iliyojisokota haivutiki: hata ukipata vijana wanane na kamba, unang'oa pawatila kwanza. Mjomba alitazama, akakuna kidevu, akatoa agizo ambalo sote tulilisubiri kwa heshima.

"Leteni majembe."

Tulichimba kuizunguka, kwa zamu, hadi jioni. Lilitoka shimo pana, refu, kuta zimenyooka, maana Mjomba alikuwa amesimama juu akisahihisha pembe. Bwana shamba alipopita na pikipiki alilisifu shimo akaikosoa keekee. Alisema kwenye udongo wa mfinyanzi chuma kinachozunguka hulainisha kuta zikawa ngumu za kung'aa, maji yakatuama, mizizi ikakwama, kwa hiyo hata ingefanya kazi tungelazimika kuingia na jembe kukwaruza. Mjomba alimshukuru, akamuuliza kwa nini hakupita wiki iliyotangulia.

Mtani wetu alibaki baada ya watu kuondoka. Alizunguka shimo, akalipima kwa hatua, akachungulia ndani.

"Hili mnachimba kwa bei gani?"

"Lipi?" Mjomba akauliza.

"Hilo la kutolea mashine. Nataka la choo."

Mjomba akaitazama pawatila, akanitazama mimi niliyekuwa bado ndani na jembe. "Na mashine, au bila mashine?"

"Bila."

"Bila mashine ni ghali zaidi," akasema Mjomba. "Mashine ndiyo inayowatia vijana hasira ya kuchimba."