Jinsi ya Kusema Sori Bila Kuomba Radhi

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye kosa kubwa na nia ndogo ya kulilipia. Waingereza wametupatia neno sori: jepesi mdomoni, halina ushuru, na kwa fundi anayelijua halimfungi mtu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Ijue nasaba ya neno

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita Waingereza wa kale walisema sārig, yaani mwenye maumivu au majonzi. Shina lake ni sār, uchungu au kidonda, na sore ya leo ni ndugu yake wa damu. Wengi hudhani sorrow, yaani huzuni, naye ni wa ukoo huo. Sivyo. Huyo alizaliwa kwa sorg, mlango mwingine kabisa, ila wamekaa majirani muda mrefu mpaka wakafanana sura. Ukumbuke ujirani huo, utatufaa mbele.

Sasa angalia faida iliyomo. Mwenye kusema sārig alikuwa akitangaza kwamba yeye ndiye anayeumia. Neno hili kusimama peke yake kama ombi la radhi ni mambo ya karne ya 19. Kwa hiyo ukibanwa, kimbilia maana ya kale: hukukiri kitu, ulieleza tu hali yako ya afya.

2. Anza na makosa yasiyo yako

Uwanja wa mazoezi ni London. Ukikanyagwa, wewe ndiye wa kusema sori. Mwanaanthropolojia Kate Fox aliwagonga wapita njia kwa makusudi, akasimulia katika kitabu chake cha mwaka 2004, Watching the English: Waingereza wengi aliowagonga ndio walioomba radhi. Fundi wa kazi hii hasimami. Hurudisha bega nusu, hutazama viatu, huliachia neno puani, naye huwa ameshapita kabla hujajua nani kamgonga nani.

Jifunze na lahaja zake. Ukipandisha sauti mwishoni, maana yake "sijasikia". Ukifuatisha na "lakini", msikilizaji ajikaze, tusi linakuja. Mazoezi haya si ya bure: neno likitumika asubuhi hadi jioni kwa mambo madogo, siku ya jambo zito litakuwa limechakaa kiasi cha kutomwangusha mtu.

3. Tia "kama"

Usiseme "nimekukosea". Sema "sori kama kuna aliyekwazika". Kwa "kama" moja umelihamisha kosa: wewe ulitenda vyema, shida ni moyo mwepesi wa mwenzako. Ukiwa na cheo, ongeza "makosa yalifanyika". Yalifanyika na nani? Yenyewe. Makosa ya wakubwa yana tabia ya kujifanya.

4. Usiogope sheria

Uingereza ina Compensation Act ya mwaka 2006, inayosema kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Kanada wamekwenda mbali zaidi. Wao ni watu wanaosifika kwa kuuomba radhi hata mlango, lakini bunge la jimbo la Ontario liliona bado wanahitaji kutiwa moyo, likapitisha Apology Act mwaka 2009: radhi uliyoomba haihesabiki mahakamani kuwa umekiri kosa. Kwa hiyo omba tu. Wanasheria wameshafika kabla yako.

5. Deni likiwa kubwa, usiliguse neno

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufeli. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni akakubali kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Akasema serikali inasikitika kwa dhati. Akatangaza pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa humohumo. Na katika hotuba hiyohiyo akasema Uingereza inaendelea kukana dhima. Mateso yalikuwapo, fedha zipo, majonzi yapo, mwenye kosa hayupo.

Mtihani wa juu zaidi ulifanyika Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023. Mfalme Charles III alilitaja jambo hilo mbele ya wenyeji wake. Alitaja majuto makubwa, akataja hata sorrow. Ona ufundi: kwa jirani alifika, akapiga hodi, akakaa; kwa sori hakupita kabisa.

6. Usiwaige Wajerumani

Kesho yake tu, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji. Alikutana na wazao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Akasema anaona aibu, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu zao. Kifundi ni kosa tupu: alitaja nani alitenda na nani alitendwa, tena machoni pa wenyewe. Juu ya hayo akaahidi kwamba Ujerumani itajitahidi kulitafuta fuvu la chifu, ambalo halijulikani liliko. Hayo ndiyo madhara ya kuomba msamaha. Ukishaomba, watu hukaa wakingoja fuvu.

7. Ondoka mapema

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, lakini nyoka akishatoka hutaka kujua ameitiwa nini. Ukiona msikilizaji ameanza kuuliza nani alifanya, lini, kwa amri ya nani, na fidia ni kiasi gani, tazama saa, sema una ndege ya kuwahi. Huyo ameshajua tofauti, na mwongozo huu hauna dawa yake.