Sauti ya Alfajiri

Msimu huu wa kupanda, nyumbani kwetu Kitale kulizuka ubishi juu ya sauti. Gari letu dogo, linalopeleka watoto shule na kubeba magunia Jumamosi, lilianza kugonga kila likiwashwa alfajiri: ta-ta-ta-ta, mfululizo, kama cherehani inayoshona turubai. Mume wangu aliisikia akiwa ameinamia boneti. Mimi niliisikia jikoni. Jirani aliisikia ng'ambo ya ua, akaja na ushauri kabla hatujamaliza chai.

Ushauri wake ulikuwa oili, nao ulikuwa wa maana, kwa sababu oili ikipungua vali hukauka na kugonga. Mume wangu aliegesha gari mahali tambarare, akasubiri oili ishuke, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kiwango kilikuwa sawa. Shemeji akapendekeza oili nzito zaidi. Ikabadilishwa. Kulipokucha, ta-ta-ta-ta.

Fundi wa kwanza aliliona gari mchana, limetoka sokoni, injini ikiwa moto. Alisimuliwa tu sauti yenyewe, akakata kauli: tapeti za vali zimelegea, hedi ifunguliwe. Bei aliyotaja ilikaribia pesa tulizoweka za mbegu ya mahindi ya 614 na mbolea. Huku Trans Nzoia mvua za kwanza hazimngoji mtu. Nikasema, "Baba watoto, pesa ya mbegu haitoki mpaka fundi aisikie hiyo sauti kwa masikio yake." Alinuna, lakini alikubali.

Ndipo tukamkumbuka fundi mmoja wa Bungoma, jirani wa mama yangu, mzee aliyezeekea kwenye injini za malori ya miwa. Tulishuka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, tukakata kuelekea Bungoma. Tulipofika, injini ilikuwa imetulia kabisa. Mzee aliinamisha sikio, akaomba mafuta yakanyagwe, akasikiliza tena. Hakuna kitu. Mume wangu alibaki ameshika boneti kwa uchungu wa mtu anayesema kweli bila shahidi.

Mzee hakumcheka. Aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Hugonga saa ngapi?" Alfajiri. "Na hunyamaza lini?" Nikamjibu mimi: tukifika lango la shule huwa imefifia. Akafunga boneti. "Basi gari lilale hapa hapa."

Hapo ikazuka kesi nyingine. Kwetu mkwe wa kiume halali kwa wakwe zake, na mume wangu hakutaka kuliacha gari peke yake. Mama ndiye aliyeamua: gari lilale uani kwake, mimi na watoto tulale ndani, mkwewe aende kwa binamu yake Kanduyi. Watoto walishangilia kupata usiku na Kukhu, nyanya yao. Kabla ya kuondoka, mume wangu alinikabidhi ufunguo na agizo kwamba mtu yeyote asiliwashe kabla mzee hajafika.

Kulipopambazuka mzee alikuja na kipande cha mpira wa maji. Nikawasha. Ta-ta-ta-ta! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi: "Kumbe mkwe wangu alisema kweli!" Naye mkwe alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda langoni, akayasikia maneno hayo pamoja na sauti. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu mwaka uanze.

Mzee aliweka ncha moja ya mpira sikioni, nyingine akaitembeza. Juu ya kifuniko cha vali, sauti ilikuwa hafifu. Upande wa manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, iligonga wazi. Akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na mlio ukazidi, kwa kuwa moshi ulikosa njia nyuma ukasukumana penye ufa. Injini ilipopoa alifungua bati la kukinga joto, tukaona masizi meusi kando ya silinda ya nne. Gasketi ilikuwa imeungua, nati mbili zimelegea.

Alitueleza kwa subira. Katika injini kama yetu kila silinda hutoa moshi mara moja kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, silinda moja hupumua mara 400, na kila pumzi ikipenya kwenye ufa hutoa mlio. Vali nazo hugonga kwa mwendo huo huo, ndiyo sababu wengi huzilaumu. Joto ndilo huzitenganisha sauti hizo mbili: chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa mdogo, ilhali tapeti iliyolegea kwa kawaida huendelea kugonga. Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya bahari, na baridi yake huchelewesha injini kupata moto. Kwa hiyo sauti ilitusindikiza hadi shuleni.

Alikwangua masalio ya gasketi, akaweka mpya, akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni. Injini ilipopata moto na kupoa, akazikaza tena. Malipo hayakugusa pesa ya mbegu.

Jambo moja lilinishtua kuliko bei. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua, nao ukivuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani walimoketi watoto. Kwa hiyo sauti ya alfajiri isipuuzwe kwa kuwa hunyamaza yenyewe. Andika hugonga lini na hunyamaza lini. Fundi akitaja bei kabla ya kuisikia, mwachie gari usiku kucha aliwashe mwenyewe likiwa baridi. Akikataa, tafuta mwingine.